Siku Niliyoifunga Mashua ya Mama Eleni Kama Lori la Mahindi

Mbukwenyi nyote. Nyie mlioko juu ya magunia, na nyie mliojificha kwenye kivuli cha Fuso mkijifanya mnakagua tairi, sogeeni. Mmeniletea mkeka na soda niseme neno la kuagana, na mwenyekiti wa wapakiaji kaniomba niseme kwa kifupi. Kifupi mimi sikijui. Shule niliingia siku moja, mwalimu akanituma nikatafute ng'ombe wake waliopotea, na mpaka leo sijarudi kumwambia kama niliwapata.

Mimi ni Masinga. Miaka arobaini nimefunga maturubai kwenye malori ya mahindi hapa Kibaigwa, na juzi magoti yamegoma, nami nikayasikiliza. Msiniulize habari za vyeo. Mfunga turubai ana vyeo viwili tu: yuko juu ya gunia, au ameanguka.

Aliyenifundisha ni Mzee Chibago. Alikuwa na meno manne, na yote yalikuwa ya kazi: mawili ya kushikia kamba, mawili ya kukatia maneno ya madereva. Siku yangu ya kwanza alinionyesha fundo mara moja, akaenda kunywa chai. Nikafunga lori langu vizuri sana, ila ncha moja ya kamba nikaifunga kwenye lori la jirani. Malori yote mawili yalikuwa yanakwenda Morogoro, kwa hiyo yakaondoka pamoja kama maharusi. Walifika Gairo ndipo wakagundua, maana mmoja alitaka kusimama anunue viazi na mwenzake hataki. Mzee Chibago aliposikia hakunipiga. Alisema, "Fundo lenyewe lilikuwa zuri. Sasa jifunze kuhesabu malori."

Vyombo vya kazi yetu ni vichache. Kamba ya manila, shazia ya kushonea turubai lililochanika, na goti. Goti ndilo kubwa. Ukivuta kamba kwa mikono unavuta wewe. Ukiweka goti kwenye gunia ukavuta, anavuta babu yako pamoja na wewe. Na sheria za Mzee Chibago zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, turubai lisiingie upepo hata wa kujaza kofia. Ya pili, lori likisimama, hata kama dereva kashuka kununua karanga, turubai lifungwe, kwa sababu mvua haibishi hodi.

Nimefunga katika upepo ambao nyie hamjauona. Mwaka mmoja upepo ulitoka upande wa Kongwa, ukabeba mabati ya ghala, ukabeba mizani, ukabeba kondoo wawili ambao walikuja kushuka Mpwapwa wakiwa wamenyolewa. Mimi nilikuwa juu ya lori la alizeti la Bwana Stavro. Lori liliinuka kidogo, sikatai. Turubai halikuinuka. Na aliyekuwa amekaa mlangoni mwa ghala akiniangalia mwanzo mpaka mwisho, bila kupepesa, ni Mama Eleni. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

Bwana Stavro wengine mnamkumbuka, yule Mgiriki mnunuzi wa alizeti. Alizaliwa kwenye shamba la mkonge kule Kilosa, na Kiswahili chake cha kutukania kilikuwa kizuri kuliko cha dereva wa semi. Mama Eleni ni mama yake mzazi. Huyo alizaliwa huko huko Ugiriki, kisiwani, akaletwa bara letu akiwa bi harusi, kwa meli. Alitapika safari nzima, akaapa kwamba hatapanda tena maji yanayozidi karai. Akatimiza kiapo miaka sitini.

Sasa kule kisiwani alimwacha dada yake mkubwa, Katina. Siku Eleni anaondoka, Katina alikataa kuja kumuaga. Alikasirika kwamba mdogo wake anamwachia wazazi na mbuzi peke yake, akajifungia ndani. Eleni naye akakasirika kwamba hakuagwa. Miaka sitini, hakuna aliyemtumia mwenzake hata salamu. Halafu mwaka juzi simu ikaja kwa Bwana Stavro kupitia jirani wa Katina. Ujumbe ulikuwa hivi: "Jumamosi ya sikukuu ya kijiji, saa saba mchana, nitaweka sahani ya Eleni mezani. Ikibaki tupu nitaiosha, nitaifungia kabatini, na yameisha."

Mama Eleni hakula siku mbili. Siku ya tatu akasema ataenda.

Kama Bwana Stavro angekuwa mtu wa kawaida, angemsafirisha mama yake kwa ile meli kubwa ya abiria inayopita visiwani, wakafika, wakala. Lakini yeye akaona hiyo ndiyo nafasi ya kuwapeleka watu wake likizo. Atakodi mashua ya tanga, atabeba mke wake na watoto wao mapacha wa kike, watembee kisiwa hadi kisiwa juma zima, na Jumamosi saa saba wawe kwa mama mkubwa Katina. Mama Eleni akamwambia sawa, lakini bila Masinga hapandi.

Bwana Stavro akanifuata hapa hapa, nikiwa juu ya lori.

"Masinga, unajua kuogelea?"

"Bosi, mimi ni Mgogo. Sisi tunaoga mvua ikinyesha."

"Mashua unaijua?"

"Sijawahi kuonana nayo."

"Vizuri. Mama anataka uje ufunge."

"Nifunge nini?"

"Chochote kitakachotaka kufunguka."

Basi nikaenda Dodoma mjini kutafuta pasipoti. Kwenye fomu wakauliza kazi, nikasema mfunga turubai, dada wa pale akaniuliza natarajia kufanya nini Ulaya, nikasema likizo. Alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyeomba kiti. Nikabeba nguo mbili, unga wa uwele, mlenda mkavu, na shazia yangu. Uwanja wa ndege wakaniachia mlenda, wakachukua shazia. Nikawaambia hiyo ni sindano ya magunia, ina miaka thelathini, haijawahi kumdhuru mtu asiye gunia. Wakasema hapana. Niliingia kwenye ndege nikiwa kama fundi seremala aliyekatwa mkono.

Tukafika. Nikaoneshwa mashua. Vijana, chukueni kiatu cheupe chenye urefu wa semi mbili, mkikalishe majini, halafu katikati mchomeke nguzo ya umeme. Kwenye ile nguzo wanapandisha turubai. Turubai zuri, jipya, zito, mimi moyo wangu ukafurahi. Halafu wakaliacha limesimama wima, wazi, likijaa upepo kama shavu la mpiga tarumbeta.

Nikamfuata Bwana Stavro kwenye usukani. "Bosi, limeingia upepo."

"Ndiyo."

"Nikaze?"

"Usiguse."

"Litapasuka, bosi."

"Masinga, huo upepo ndio injini."

Miaka arobaini nimepigana na upepo usiingie kwenye turubai. Nimefukuza watu kazini kwa upepo wa kujaza kofia. Na hapa familia nzima imetoka Tanzania kuja kuukaribisha uingie, na ukipungua wananuna. Mdomo wangu ulinyamaza. Mikono ndiyo haikunyamaza, ilikuwa inajipeleka yenyewe kwenye kamba. Ikabidi niikalie. Siku tano nilisafiri katika bahari ya Ugiriki nikiwa nimekalia mikono yangu, mpaka mapacha wakawa wananilisha mkate kama kifaranga.

Sisemi palikuwa pabaya. Visiwa vile vimekauka kama vilima vya Mpwapwa mwezi wa kumi, mawe na mbuzi, mbuzi na mawe, na zabibu kama zetu za Dodoma, ila zao zinajivuna. Nilijisikia nyumbani. Kilichonisumbua ni maji. Maji mengi vile, mpaka macho yanachoka, na hakuna hata ng'ombe mmoja anayekunywa. Nikasema huu ni uharibifu.

Mawimbi yalipokuja, Bwana Stavro alitapika, mke wake akatapika, mapacha wakatapika kwa zamu. Mimi hapana. Mtu aliyepanda juu ya magunia kwenye barabara ya zamani ya Mpwapwa, bahari haina jipya la kumwonyesha. Mama Eleni naye hakutapika safari hii. Nilimsongea ugali wa uwele kwenye jiko la mashua, na mlenda, akala, akasema tumbo lake limeshakuwa la Kibaigwa. Alikaa chini, kwenye chumba cha mashua, ameshika mkono wa kiti, kila saa anapaza sauti kuniuliza niliye juu, "Masinga, pamefungwa?" Nami namjibu, "Pamefungwa, mama." Palikuwa hapajafungwa popote.

Ikafika Jumamosi. Saa tatu asubuhi tukaingia kwenye kighuba kidogo, na kisiwa cha Katina kinaonekana mbele yetu, nyumba nyeupe zimepangwa kama magunia. Bwana Stavro akasema ni mwendo wa saa moja tu kutoka pale, tuna muda mwingi, watoto waogelee kwanza. Akateremsha lile tanga, akashusha nanga, akaruka majini na mke wake na mapacha, wakaogelea mpaka ufukweni. Tukabaki mimi na Mama Eleni.

Nikamkuta ameshavaa gauni la sikukuu, la bluu, na hereni. Ameketi kitandani, begi mapajani, kama mtu anayengoja basi.

"Mama, umependeza."

"Masinga."

"Naam, mama."

"Na kama Katina hatafungua mlango?"

Ningekuwa mtu wa shule ningepata la kumjibu. Na mimi nikikosa neno, mikono hutafuta kamba. Nikapanda juu. Nikaona wingu, dogo, la ukubwa wa kuku. Nikaona upepo umeanza kukunja maji. Nikaona turubai limelala bure juu ya lori lililosimama. Nami nilikuwa nimekalia mikono siku tano.

Nikasikia Mama Eleni chini anasema, "Masinga, pamefungwa?"

Nikasema, "Ngoja, mama."

Nikalitandaza lile tanga kutoka mbele mpaka nyuma. Lilitosha vizuri, kama lilishonewa kazi hiyo. Halafu kamba. Mnajua kamba lazima ipite chini ya chesisi, na inataka watu wawili, mmoja upande huu, mmoja upande ule, mnatembea sawa kama mnaohamisha kitanda. Mama Eleni akatoa kichwa, akaona, akasema, "Nipe ncha." Bibi wa miaka themanini na kitu, gauni la bluu, hereni, akatembea na kamba kutoka pua ya mashua akinyata pembeni, mimi upande wa pili. Tukazungusha ya kwanza. Ya pili tukaianzia nyuma, ikanasa kwenye kitu huko chini ya maji. Nikafikiri ni jiwe. Nikaweka goti, nikavuta, na babu yangu akavuta. Kumbe ni usukani, pamoja na pangaboi la injini. Vikakaa kimya.

Tukapiga kamba kumi na moja. Mama Eleni akarudi ndani akakaa na begi lake, nikafunga ya kumi na mbili juu ya mlango. Halafu nikakaa juu, nikapumua. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke Kibaigwa nilijisikia mtu. Kutoka ndani nikasikia sauti imetulia kabisa. "Masinga, pamefungwa?"

"Pamefungwa, mama."

Saa tano Bwana Stavro akarudi akiogelea. Alifika pembeni, akatafuta ngazi, hakuna ngazi. Akazunguka mashua mara mbili.

"Masinga. Mashua yangu iko wapi?"

"Imo ndani, bosi."

"Na mama?"

"Yumo ndani ya mashua. Mkavu kabisa."

Sitarudia maneno aliyosema. Mengine yalikuwa ya Kilosa, mengine ya Kigiriki, na yote niliyaelewa. Wakapanda wote juu ya turubai, yeye, mke wake, mapacha, wote na nguo za kuogelea. Simu ilikuwa ndani. Ufunguo wa injini ndani. Kisu ndani, na hata tungekuwa nacho, zile kamba ndizo za kupandishia tanga, ukikata huendi popote. Ilibaki kufungua tu. Na kamba zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, mafundo yamekaza kama ngumi ya mtoto aliyeshika pipi.

"Fungua," ananiambia Bwana Stavro. "Saa saba sahani inaoshwa. Fungua."

Mtu akikusimamia kichwani akisema fungua, unasahau hata jina la mke wako. Nikavuta, yeye akavuta, mke wake akavuta kwa meno. Saa nzima, fundo moja, nalo halikuachia. Mama wa mapacha akaanza kulia, sio kwa hasira, kwa huruma. "Miaka sitini," anasema, "na tumeshindwa saa moja kabla." Chini yetu Mama Eleni aliacha kuuliza kama pamefungwa. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko matusi yote. Nilitamani upepo ule wa kondoo uje unichukue.

Na upepo ukaja kweli. Lile wingu la kuku likawa la ng'ombe. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Turubai lililofungwa vibaya, upepo unaingia, unalichana. Turubai nililofunga mimi, upepo ulitafuta pa kuingia, ukazunguka, ukakosa, ukakasirika, ukaamua kusukuma mzigo mzima. Nanga ikang'oka kama muhogo. Mashua ikatoka ghubani.

"Inakwenda wapi?" mke wake anauliza.

Hakuna wa kugeuza, usukani umefungwa. Na mimi nikifunga kitu, kinafungwa katikati. Ikawa inakwenda mbele, moja kwa moja, kama lori lililoachia breki kwenye mteremko. Nikawaambia, "Lalieni matumbo, shikeni kamba, msisimame, msitazame chini." Ndivyo tunavyopanda juu ya magunia, wakashika vizuri kabisa. Tulipita mashua nyingine mbili zenye matanga mazuri. Wenyewe walitutazama, wakatazama matanga yao, mmoja akaanza kushusha lake.

Saa saba kasoro kidogo tuliingia kwenye gati la kisiwa cha Katina. Kijiji kizima kilikuwa nje, meza zimepangwa mpaka karibu na maji, padri, wapiga muziki, mbuzi wameshaiva. Muziki ukakatika. Kikawa kinaingia kifurushi kikubwa cheupe chenye kamba kumi na mbili, juu yake wamelala Wagiriki wanne walio nusu uchi na Mgogo mmoja. Tukapanda mchangani taratibu, tukasimama. Hakuna aliyepiga makofi.

Watu wakagawanyika. Akatoka bibi mrefu, mkavu, nguo nyeusi, fimbo mkononi. Sikuhitaji kuambiwa. Pua ilikuwa moja na ya Mama Eleni. Bwana Stavro akateleza mpaka chini, akambusu mkono, akaanza kumwamkia mama mkubwa na kujieleza. Bibi akampita. Alikuwa anaongea Kigiriki, Bwana Stavro akawa ananitafsiria neno kwa neno.

Akagonga turubai kwa fimbo. "Nani yumo humu?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Eleni."

Bibi akatazama ule mzigo kutoka mbele mpaka nyuma. "Eleni alikuwa mwembamba."

"Na wewe ulikuwa na adabu kidogo. Sahani umeshaiosha?"

"Bado dakika tano."

Vijana wa gatini walikuja na visu, Bwana Stavro akawazuia, tanga la watu. Hapo, kwa kuwa sasa hakuna aliyenipigia kelele, akili yangu ikarudi, nikakumbuka kanuni. Fundo lililolowa halivutwi. Linasukumwa kwanza kutoka ndani, likilegea kidogo, aliye nje ndiye anavuta. Mtu mmoja hawezi, na wawili wakiwa upande mmoja hawawezi. Nikamwambia Mama Eleni asukume fundo la mlangoni. Kabla sijaweka goti, Katina kashaniondoa kwa fimbo, kashika ncha yeye.

"Sukuma," anasema.

"Nasukuma. Vuta wewe."

"Unasukuma kivivu. Ulikuwa mvivu tangu zamani."

"Nilikuwa naamka saa kumi kukamua mbuzi wako."

"Mbuzi wetu. Sukuma."

Waligombana pale miaka sitini yote, mwaka kwa mwaka, mmoja ndani, mmoja nje, fundo katikati. Walipofika kwenye habari za ile siku ya meli, sauti zote mbili zikashuka, Bwana Stavro mwenyewe akaacha kunitafsiria, akawa anajifuta uso kwa mkono wenye chumvi. Nikaliona fundo linatikisika. Halafu likaachia.

Mama Eleni akatokeza kichwa, hereni moja imepinda. Wakatazamana. Katina alimshika mkono wa gauni, akaukunja vidoleni kama anayepima kitambaa, akamvuta nje mpaka mchangani, hakumwachia. Akamkalisha mezani mbele ya ile sahani, bado kamshika. Kijiji kizima kinatazama, padri kashika kijiko.

Kisha Katina akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata nimejificha nyuma ya mbuzi wa kuchoma, akapaza sauti:

"Mwambieni huyo fundi akae ale ashibe. Tukimaliza kula, amfunge tena. Safari hii haondoki."